Mzee Qu Mangwa, Aliyesubiri Ngano Iingie Ghalani

Ndugu wa damu, majirani, na ninyi mliofuata harufu ya tambi: familia inawashukuru kwa kuupanda mlima huu wenye matope. Tunaomba wapiga zumari wapumzishe mashavu kidogo, na yule anayekula mbegu za alizeti nyuma ya mashada atafune polepole, ili tumsome mzee wetu kabla hatujamfunika.

Marehemu Mzee Qu Mangwa alizaliwa tarehe 6 Juni 1941 hapa hapa Beigou, juu ya uwanda ulio kaskazini ya mto Wei, mkoa wa Shaanxi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Qu Dengke na mkewe Bi. Lei, na wa kwanza kuishi. Siku ile ilikuwa siku ya Mangzhong, kipindi cha tisa kati ya vile ishirini na vinne vya mwaka wetu, ambapo ngano yenye ndevu inakatwa na mbegu za kiangazi zinatiwa ardhini kwa mikono ile ile, bila mikono hiyo kuulizwa kama imechoka. Bi. Lei alikuwa shambani anakata. Uchungu ulipomshika alimaliza kwanza mstari wake, ndipo akaenda kwenye kivuli cha mti wa aprikoti akajifungua. Alasiri ile ile akatuma mtu aulize kama mstari uliofuata umeguswa. Mangwa, kwa msemo wa huku kwetu, ni mtoto wa pilikapilika. Ndilo jina wanalopewa watoto waliochagua vibaya siku ya kuja duniani. Enzi zile kijiji kilikuwa na akina Mangwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa, maana tarehe hiyo kila mwaka watu wote wako shambani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1950, katika hekalu la zamani ambalo miungu yake ilikuwa imehamishwa bila kushauriwa. Mwalimu aliwafundisha vipindi ishirini na vinne kwa mpangilio, na fimbo ilikuwa tayari kwa yeyote aliyetanguliza Umande Mweupe kabla ya Joto Kuisha. Siku moja mwalimu akamsimamisha marehemu, aliyekuwa amesinzia.

"Mangwa! Baada ya Mangzhong kinafuata nini?"

"Kulala, mwalimu."

Alichapwa viboko vitatu. Wanafunzi wenzake wanasema baada ya cha tatu mwalimu aligeukia ubaoni na mabega yake yakatikisika kwa muda, kwa sababu naye alikuwa mtoto wa mkulima. Tangu siku ile marehemu aliapa kuvijua vipindi vyote, akavijua mbele na nyuma, na kwa miaka sabini hakuna mtu wa ukoo huu aliyeweza kutaja tarehe yoyote mezani bila kuambiwa tarehe hiyo jua limefika wapi. Mwaka 1957 aliacha shule ya kati baada ya mwaka mmoja. Shule ilikuwa mbali kilomita kumi na mbili, na nyumba nzima ilikuwa na jozi moja ya viatu.

Akaingia shambani, enzi za ushirika, mashamba yalipokuwa ya wote na sufuria pia. Wazee waliopo hapa wanaujua ule mwezi wa masika wa mwaka 1960. Ghala lilikuwa limeshafagiliwa, na ngano mpya bado ilikuwa kijani. Baba yake, Mzee Dengke, aliuvumilia mwezi huo mpaka zikabaki siku kumi na moja ngano ikatwe, na hapo akashindwa. Marehemu hakupenda kulizungumza. Lakini kila mwaka, mkate wa kwanza wa unga mpya ulipotoka kwenye mvuke, aliubeba hadi kaburini ungali moto, akikimbia, akiurusha kutoka kiganja hiki kwenda kile na kupuliza vidole. Sisi wajukuu tulimkimbilia nyuma tukicheka. Tulidhani ni mchezo.

Mwaka 1964 ushirika ulimkabidhi kopo la kupimia mvua, kipimajoto, sanduku jeupe lenye miguu minne, na daftari. Ndipo familia ilipompoteza. Aliandika mvua, aliandika umande, aliandika siku chura wa kwanza alipolia na siku mbayuwayu alipohama. Aliandika pia, kwa mwandiko ule ule, siku mkewe alipomnunia, kwa kuwa aliamini nayo ni hali ya hewa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza siku ya kutoa miundu. Alikipiga kile kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi, na uwanda mzima ukaamka.

Mlioziona siku zile mtakubali kwamba hatutaziona tena. Wakataji wa kukodiwa walishuka kutoka milimani na miundu kiunoni, wakilala barazani mwa watu, wakila mikate kumi kila mmoja na kuulizia ya kumi na moja. Aprikoti ziliiva pamoja na ngano, zikadondoka zenyewe, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuinama kuziokota isipokuwa punda. Punda huyo huyo alizungusha jiwe la kupuria uwanjani mchana kutwa, amefungwa kitambaa machoni, na pengine alidhani amefika Beijing. Na yule ndege wa msimu alipita juu ya vichwa vyetu akisema neno lake moja tu, ambalo huku kila mtu analielewa: kinachoiva, kata; kinachoiva, kata. Kilichobaki sasa ni ndege peke yake, na mwaka huu alikuja.

Tarehe 12 Desemba 1963 marehemu alimwoa Bi. Dong Suxia wa kijiji cha Xiazhai, bondeni, ambako ngano huiva siku nane kabla ya kwetu. Mshenga alisema hizo siku nane ni bahati, kwani kijana ataweza kumkatia mkwe halafu akapanda kukata kwao. Juni ya mwaka ule, kabla ya harusi, alishuka kwenda kujaribiwa. Bi. Suxia alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba akifunga mashada ya ngano na kujifanya hamwoni. Marehemu, akitaka aonwe, alikata kwa kasi hadi mundu ukapita ngano ukafika kwenye muundi.

"Kijana," mkwe wake akamwambia akimfunga kitambaa, "nilikuita ukate ngano. Mguu ungeweza kungoja."

Bi. Suxia anasema alimpenda hapo hapo, kwa sababu alichechemea na bado akamaliza mstari. Kila mwaka baadaye, ncha za ngano zilipoanza kugeuka rangi, alipika mikate ya kukaanga akaenda kumtazama mama yake, kama binti yeyote aliyeolewa afanyavyo kabla pilikapilika hazijaanza. Marehemu alimsindikiza kwa miguu, akibeba kikapu, akisimama kila shamba kutoa maoni ambayo hayakuombwa. Walifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, mpaka mama huyo alipofariki. Mwaka uliofuata, ncha zilipogeuka rangi, Bi. Suxia alipika mikate ile kwa mazoea. Waliila wawili hao, wamekaa kwenye kizingiti.

Walijaliwa watoto wawili. Binti alizaliwa tarehe 21 Mei 1965, siku ya Xiaoman, kipindi ambacho punje zinaanza kujaa, akaitwa Xiaoman. Wa kiume alizaliwa tarehe 20 Aprili 1968, siku ya Guyu, mvua ya nafaka, akaitwa Guyu. Mbingu ilisaidia hawakupata mtoto mwezi wa Januari. Angeitwa Baridi Kali, na mtu huyo leo angekuwa amekaa hapa mbele akiwa na hasira.

Sasa tufike mwaka 1983. Familia ilijadiliana kama mwaka huu usomwe au urukwe. Bi. Suxia alisema, "Someni. Waliokuwepo wanaujua, na wasiokuwepo wamehadithiwa vibaya."

Mashamba yalikuwa yamegawiwa kaya mwaka mmoja tu kabla. Kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na ngano yake mwenyewe, na kila mtu aliiogopa kama mtoto mchanga. Joto lilikuja mapema. Tarehe 1 Juni masuke yalikuwa yameinamisha shingo, na ndege alikuwa ameshapayuka siku tano. Watu wakamwendea marehemu awaambie lini. Akafungua daftari lake la miaka kumi na tisa, akapitisha kidole, akalifunga.

"Tarehe sita. Mangzhong. Haijawahi kuwa kabla."

Jirani yake Mzee Qi Wanku, ambaye wakati huo hakuwa mzee bali domo tu, akasema, "Mangwa, ndege anasema leo."

"Ndege hana daftari."

"Na ngano inalo?"

"Wanku, mwaka jana ulikata ngano ina maziwa. Nenda nyumbani ukanywe chai."

Wanku akaenda nyumbani, akangoja. Kijiji kizima kiligoma kukata, kwa heshima ya daftari. Mvua ilianza tarehe 4, saa nane mchana, na haikukata kwa siku tisa. Ngano iliota ikiwa imesimama. Masuke yalitoa nywele za kijani, mtu akiyatazama kwa mbali akadhani ni majani ya ng'ombe. Mwaka mzima Beigou ilikula mikate ya mvuke isiyoumuka, ya kijivu, yenye utamu wa kuchefua, inayoganda kwenye ufizi. Hakuna aliyemtukana marehemu. Walimfanyia kibaya zaidi: waliendelea kumsalimia kwa adabu. Mzee Wanku peke yake ndiye aliyekuwa mwungwana. Alikuja na mkate wake, akaurusha kwenye ukuta wa nyumba hii, nao ukanata. Marehemu aliuacha pale hadi Septemba, na kila asubuhi alipokwenda kusoma kopo lake la mvua aliupita.

Hakuomba radhi kwa maneno, maana wanaume wa kizazi kile waligawiwa maneno machache na walishayatumia kwenye mikutano. Lakini tangu Juni ya 1984 hakutangaza tena tarehe yoyote. Alianza kung'ata. Kuanzia ncha zinapogeuka rangi aliingia katika kila shamba la Beigou, la rafiki na la adui, akavunja suke, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akaweka punje kati ya magego na kusikiliza. Ikibonyea, bado. Ikilia "tik," aligonga mlango wa mwenye shamba.

"Lako la juu, leo. La chini, ngoja kesho kutwa."

"Mzee Mangwa, sijakuuliza."

"Najua. Leo."

Ilipofika mwaka 2005 meno yalikuwa yamekwisha, na yale ya bandia aliyotengenezewa mjini hayakusikia chochote. Hapo akaanza kutembea na Bi. Suxia. Aliiweka punje mdomoni mwa mkewe, katikati ya shamba la watu, na kutega sikio kwenye shavu lake. Vijana waliorudi likizo kutoka viwandani walipiga picha wakidhani ni mahaba. Hawakukosea sana. Miaka arobaini Beigou haikuozesha ngano hata mu moja, na mu sita ndiyo ekari, msione ni kidogo. Na miaka arobaini hakuna aliyemwambia kwamba ile habari ya 1983 imekwisha. Pengine kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia.

Machi mwaka huu wa 2024 moyo wake ulianza kusuasua. Tarehe 23 Mei alilazwa mjini. Daktari, binti mdogo mwenye adabu nyingi, alimwinamia akamwuliza, "Babu, unasikia maumivu?"

"Nasikia ndege."

Daktari akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na Shangazi Xiaoman aliyekuwa akimuuguza anathibitisha kwamba ndege alikuwepo, juu ya nguzo ya umeme, akisema lake. Marehemu akadai kurudishwa nyumbani. Alirudishwa tarehe 1 Juni, akawekewa kitanda karibu na mlango ili aone uwanja. Tarehe 3 alimwita mkewe.

"Suxia. Iko vipi?"

"Siku mbili, tatu. Ya ukingoni, nne."

"Nikifa wiki hii nitakuwa nimeiozesha ngano ya Beigou mara mbili."

"Basi usife."

"Najaribu," akasema.

Alijaribu hadi tarehe 4 Juni, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili na siku mia tatu sitini na nne. Kesho yake ilikuwa Mangzhong.

Inabidi familia isimulie yaliyofuata kwa ukweli, kwa sababu kuna ndugu waliotoka mbali ambao wanauliza kwa nini walipigiwa simu mara mbili. Desturi ya Beigou tunaijua: karatasi nyeupe ikishabandikwa mlangoni, kila kaya inatoa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na hao hawaondoki mpaka marehemu amezikwa. Wanachimba, wanapika, wanabeba, wanalia kwa zamu. Tarehe 4 jioni karatasi ilibandikwa. Bwana Luo, mtazama siku, alifungua kitabu chake akachagua tarehe 8 kwa maziko. Simu za watu wote zilikuwa zimeshaichagua tarehe hiyo hiyo kwa mvua. Mashine tatu za kuvuna kutoka Henan zilikuwa zimeegeshwa barabarani, madereva wanakula tikiti maji, nao walisema wazi kwamba tarehe 8 wanaelekea kaskazini.

Basi asubuhi ya Mangzhong, siku ambayo hata vipofu wa kijiji hiki huwa shambani, watu sitini na wawili walikuwa wamekaa katika uwanja huu wanamenya vitunguu saumu. Kwa huzuni. Huku kila mmoja akiwa na jicho moja kwenye jeneza na la pili angani.

"Hivi vitatosha?"

"Vitatosha. Yale mawingu ni ya Gansu?"

"Usitazame juu, wewe. Wafiwa wanakuona."

"Sitazami. Nanyoosha shingo."

Hakuna aliyethubutu kusema. Nani amwambie mfiwa aharakishe au asogeze maziko kwa ajili ya ngano? Na wafiwa nao walikuwa wamekwama. Ndani, kando ya jeneza la baridi lililokuwa likinguruma, baba yetu Guyu na Shangazi Xiaoman walikuwa wanagombana kwa kunong'ona.

"Bwana Luo anasema siku njema nyingine ni tarehe 14," alisema Guyu.

"Siku kumi? Baba akae kwenye jokofu siku kumi kama samaki wa mwaka mpya?"

"Dada, unadhani mimi napenda? Nikisogeza watasema Guyu amemweka baba kando ili avune. Nisiposogeza, unakumbuka baba alisema nini juzi."

"Nakumbuka."

"Basi amua wewe, mkubwa."

"Wewe ndiye mwanamume, leo umekumbuka kwamba mimi ni mkubwa?"

Bi. Suxia alikuwa amekaa kwenye kigoda, anawasikiliza. Akainuka. Tangu jana yake alikuwa hajatoa chozi, na kuna waliokuwa wameanza kulizungumzia jambo hilo juu ya vitunguu. Akatoka hadi mlango wa nje, akaishika ile karatasi nyeupe, akaibandua taratibu ili isichanike, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nani ameweka takataka mlangoni kwangu?"

Visu vikasimama.

"Mama," alisema Guyu, "ni msiba."

"Msiba wa nani? Baba Xiaoman amelala. Ametoka hospitali, amechoka. Nyumba hii haina msiba. Ninyi mmenijia nyumbani asubuhi asubuhi kumaliza vitunguu vyangu, mna nini?"

Mzee Qi Wanku, mwenye miaka themanini na moja, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mama Xiaoman, jana nimemwosha kwa mikono yangu hii."

"Umemwogesha mtu aliyelala. Asante, alikuwa na jasho. Sasa toka."

"Na tukiulizwa huko nje?"

"Semeni hajafa. Atakufa mkimaliza."

Kisha Mzee Wanku akaweka kisu chini, akajipangusa magoti, akauinamia mlango wa chumba. "Haya, Mangwa. Lala. Nitapita kukuona ngano ikiisha." Akatoka kwa hatua za heshima hadi kwenye lango, na baada ya lango tukasikia viatu vyake vikikimbia. Wengine wakamfuata. Bwana Luo mtazama siku alikuwa wa tatu kutoka. Ana mu nne upande wa kusini, na kitabu chake kilibaki hapa juu ya mtungi hadi tarehe 9.

Siku tatu zile, wazee wanasema, zilikuwa kama zamani. Mashine zilikula tambarare zote. Lakini kwenye matuta ya ukingoni mashine hazifiki, na huko ilitolewa miundu iliyokuwa imechomekwa darini miaka kumi, ikanolewa kwa mate na malalamiko. Wajukuu waliokuja kwa ajili ya mazishi, wamevaa viatu vyeupe vya mjini, walifundishwa kushika suke na wazee ambao hawawezi tena kuinama lakini bado wanaweza kufoka. "Chini zaidi! Unakata ngano au unainyoa?" Harufu ile ya mabua mabichi na vumbi iliingia hadi chumbani. Guyu aliendesha trekta la kubebea magunia, na macho yake yalikuwa mekundu mchana kutwa. Alisema ni ndevu za ngano.

Bi. Suxia alibaki ndani na mzee. Shangazi Xiaoman alipoanza kulia alikatazwa: "Ukimlilia aliyelala utamwamsha." Kila jioni alisogeza kigoda karibu na jeneza akampa taarifa. Upande wa mashariki umekwisha. Bwana Luo anakata vibaya kama kawaida. Dereva wa Henan ameomba pilipili ya mafuta, nimempa chupa nzima.

Asubuhi ya tarehe 8 yalikuwa yamebaki matuta mawili ya nyumba hii, ukingoni mwa korongo. Familia ilikuwa imeyaacha mwisho, na ilikuwa imeshakata tamaa nayo. Mawingu yalikuwa yamefika usawa wa minara ya umeme. Guyu alipofika pale na mundu wake alikuta watu ishirini na kitu wameshafika nusu, na Mzee Wanku yuko mbele kabisa, amefungwa kiuno kwa kamba, anakata akiwa amepiga magoti kwa sababu mgongo umekataa.

Tone la kwanza lilianguka saa sita mchana. Mzee Wanku alikuja hapa amelowa.

"Mama Xiaoman. Tumemaliza."

"Yote?"

"Yote."

Haikuwa kweli. Familia ilijua jana tu. Nusu mu ya Mzee Wanku, nyuma ya kisima, ilikuwa imesimama wakati anasema hivyo, na imenyeshewa siku zote nne, na sasa ina nywele za kijani. Mzee Wanku, inua uso. Hakuna anayekucheka.

Bi. Suxia akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akachota uji wa unga, akaibandika mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga, uji haukushika. Karatasi ikaanza kuteremka. Mzee Wanku akaweka kiganja juu yake akaikandamiza kwenye ubao, akasimama hivyo, maji yakimtiririka ndani ya mkono wa shati. Ndipo Bi. Suxia akakaa chini kwenye kizingiti, akamlilia mumewe. Alilia kwa sauti ambayo waliokuwa njiani na magunia ya mwisho waliisikia, wakajua kwamba Mzee Qu Mangwa amefariki.

Kwa hiyo cheti cha hospitali kinasema tarehe 4 Juni, na Beigou inasema tarehe 8. Mchonga jiwe aliuliza aandike ipi. Mjane amesema ya Beigou, naye mchongaji amechonga.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Dong Suxia, binti, Qu Xiaoman, mwana, Qu Guyu, wajukuu wanne na kitukuu mmoja, madaftari sitini ya hali ya hewa, ambayo yeyote anayejua yafanyiwe nini aseme, na kijiji kimoja chenye ngano kavu.

Leo ni tarehe 14, na mvua ilikata juzi. Udongo una unyevu ule ambao mahindi yanautaka, na Mangzhong inakwisha siku saba zijazo. Bi. Suxia ameagiza tusome hivi: kaburi likishafunikwa, tambi zitaliwa kwa kusimama, majembe yako nyuma ya jiko, na shamba la kwanza kulimwa ni lile la nyuma ya kisima. Mzee wetu na apumzike kwa amani, kwa niaba yetu sote. Sisi nafasi hiyo hatunayo mpaka mbegu iingie ardhini.